SOMO LA AFYA: UANGALIZI WA MGONJWA ALIYEPEWA DAWA YA KUTULIZA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanafahamishwa kwamba dawa za kutuliza, kama vile diazepamu na midazolamu, si sawa na nusukaputi. Mgonjwa husinzia, lakini hutarajiwa kupumua mwenyewe na kuitika aitwapo. Hata hivyo, baina ya kusinzia na kupotewa na fahamu pana hatua ndogo, na mgonjwa aweza kuivuka kimya kimya.

Kwa sababu hiyo, anayetibu asiwe ndiye pekee anayemwangalia mgonjwa. Awepo mtumishi mwengine mwenye mafunzo, atakayeangalia na kuandika kila baada ya dakika 5:

(a) Fahamu: iwapo mgonjwa anaitika.

(b) Pumzi: mtu mzima hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, zikiwa chini ya 8 ni hatari.

(c) Mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

(d) Oksijeni ya damu kwa kipimo cha kidoleni: kawaida ni asilimia 95 na zaidi, ikiwa chini ya 90 hatua zichukuliwe mara moja.

Kipimo hicho hakichukui nafasi ya jicho. Mgonjwa anayepewa oksijeni aweza kuacha kupumua, na kipimo kikaendelea kwa muda kuonesha namba nzuri. Aidha, rangi ya kucha na piko huweza kuzuia mwanga wa kipimo. Inafaa kidole kimoja kiachwe bila ya kupakwa, au kipimo kiwekwe kwenye ndewe ya sikio.

Mgonjwa aliyezinduliwa kwa dawa ya kutengua asiruhusiwe kwa haraka, kwani dawa hiyo yaweza kumalizika nguvu kabla ya ile ya kutuliza, naye akasinzia tena.

Kwa upande wake, mgonjwa mzima asile chakula kwa saa 6 wala asinywe maji kwa saa 2 kabla ya tiba, na aeleze dawa zote anazotumia. Akiruhusiwa, afuatane na mtu mzima, na asiendeshe chombo cha moto wala kutia saini hati muhimu kwa saa 24.

Jamaa anayeuliza ni nani atakayemwangalia mgonjwa wake hamvunjii daktari heshima. Hiyo ni haki yake, na jawabu lipasalo kutolewa ni la mtu mmoja, anayejulikana, aliyepo pale kitandani.