SOMO LA AFYA: Bega Linalokataa Kupona Baada ya Ajali



Katika Barabara ya Jogoo, Outering na Lusaka, matatu, malori ya Viwandani na bodaboda hugombania nafasi mchana kutwa. Ajali zikitokea, wengi hutoka bila mfupa kuvunjika. Humshukuru Mungu, hujipangusa vumbi na kurudi kazini. Lakini mwezi wa pili ukifika, kuna ambao bado hawawezi kuanika nguo, kunyanyua gunia la viazi kutoka Marikiti, wala kulalia upande ulioumia.

Wengi wetu hapa tunakula kwa jasho la mikono. Bega likikwama, mapato nayo hukwama. Kwa hivyo shika jambo hili moja: bega linalouma baada ya wiki sita halitaki uvumilivu zaidi, linataka kupimwa.

Bega limeundwaje?

Hakuna kiungo mwilini kinachozunguka kuliko bega. Kichwa cha mfupa wa mkono ni mviringo kama mpira, nacho kimekaa kwenye kisahani kidogo. Kisahani hicho hakiwezi kuushika mpira peke yake. Kinachoushika ni misuli minne pamoja na kano zake, yaani zile kamba ngumu zinazounganisha msuli na mfupa.

Gari linaposimama ghafla, mshipi wa usalama hukaza juu ya mtulinga. Abiria wa matatu hushika chuma cha kiti cha mbele na mkono ukavutwa kwa nguvu. Aliyekuwa kwenye bodaboda huangukia bega lenyewe. Katika hali zote hizo, kano zinaweza kuchanika hata kama mfupa uko salama.

Ndiyo maana mtu huambiwa, "Picha ya eksirei iko sawa," na maumivu yakabaki palepale. Eksirei huonyesha mifupa; haionyeshi vizuri kano wala misuli. Daktari au mtaalamu wa fiziotherapia hupima kwa mikono yake kwanza. Akiona haja, huagiza picha ya altrasaundi au MRI.

Maumivu yanasema nini?

Mkono ukiuma unapouinua kando, na ukakuamsha usiku ukiulalia, mara nyingi shida iko kwenye kano.

Bega likiwa gumu hata mtu mwingine anapojaribu kukuinulia mkono, huenda limeganda. Hali hii huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, na wenye kisukari wako katika hatari kubwa zaidi. Huweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu kuisha, ingawa matibabu hupunguza maumivu na kusaidia mkono kufunguka.

Maumivu yakishuka kutoka shingoni hadi vidoleni, na mkono ukafa ganzi au kuwashwa kama umechomwa sindano, chanzo kinaweza kuwa shingo. Mwambie daktari wazi, maana ukitibu bega huku shingo ndiyo inayougua, utapoteza muda na pesa.

Usingoje wiki sita ukiona haya

Nenda hospitalini siku hiyohiyo ikiwa umbo la bega limebadilika, mkono hauinuki kabisa, au kiganja kimekuwa baridi au kimekufa ganzi. Kano iliyokatika kabisa hushonwa vizuri zaidi ikigunduliwa mapema. Nenda pia ikiwa kifua kinauma au pumzi inakatika. Bega la kushoto likiuma pamoja na tumbo muda mfupi baada ya ajali, kimbia: huenda bandama imeumia na inavuja damu ndani.

Kwa maumivu ya kawaida, anzia kituo kilicho karibu nawe, kama Makadara, Jericho au Lunga Lunga. Ukihitaji uchunguzi zaidi, utapewa rufaa hadi hospitali kubwa kama Mama Lucy Kibaki au Mbagathi. Hakikisha umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#. Ukikwama, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako.

Unachoweza kufanya nyumbani

Siku mbili tatu za kwanza, weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hivi. Baadaye, kitambaa cha maji ya moto hulegeza misuli. Usiku weka mto chini ya mkono.

Usiufunge mkono shingoni kwa wiki nyingi bila kuelekezwa, kwa maana bega lisilotembezwa huganda. Wala usikubali livutwe au likandwe kwa nguvu kabla ya kupimwa. Kano iliyochanika kidogo inaweza kuchanika zaidi.

Ukishahakikishiwa kwamba hakuna mfupa uliovunjika wala kano iliyokatika, fanya mazoezi haya mara mbili au tatu kwa siku:

1. Inama ukishika meza kwa mkono mzima. Acha ule mwingine uning'inie, kisha uzungushe polepole kama unayekoroga uji, mara kumi.
2. Simama mbele ya ukuta. Pandisha vidole juu polepole hadi pale unapoweza, kisha shusha. Weka alama ya penseli, ujaribu kuipita wiki ijayo.
3. Kaa wima, vuta mabega yote mawili nyuma kana kwamba unataka yakutane, hesabu hadi tano, achia.

Kuuma kidogo wakati wa mazoezi si vibaya. Lakini ukiamka kesho yake maumivu yamezidi, punguza mazoezi kwa nusu.

Kuhusu dawa, mtu mzima asizidishe tembe nane za paracetamol za miligramu 500 katika saa 24. Ibuprofen na diclofenac si peremende: zinaweza kudhuru tumbo na figo. Mwenye vidonda vya tumbo, presha au ugonjwa wa figo, na mama mjamzito, wasizinywe kabla ya kumuuliza daktari.

Linda haki yako pia

Bega mara nyingi huonyesha ukubwa wa jeraha baada ya wiki kadhaa. Kwa sababu hiyo, usikubali kupewa noti chache kando ya barabara na kutia sahihi kwamba huna dai lingine. Ripoti ajali katika kituo cha polisi ndani ya saa 24, nawe upate abstrakti. Mwambie anayekutibu kwamba uliumia katika ajali, aandike. Tunza karatasi za matibabu, risiti na picha, na uandike kwenye daftari siku ulizokosa kazi.

Kila gari barabarani linatakiwa kisheria kuwa na bima ya kuwafidia wengine wanaoumia. Muda wa kufungua kesi ya madai ya jeraha kwa kawaida ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Ukingoja hadi bega lipone lenyewe, huenda mlango huo ukafungwa.

Maswali ya kujipima

Jadilini haya nyumbani au katika chama:

1. Kwa nini eksirei inaweza kuwa sawa na bega bado liuma?
2. Ni dalili zipi zinazokutaka uende hospitalini siku hiyohiyo?
3. Kufunga mkono kwa muda mrefu kunaleta madhara gani?
4. Ni karatasi gani za kutunza baada ya ajali?

Kama kuna jirani ambaye tangu ajali huvaa shati kwa kuanza na mkono uleule unaouma, msomee somo hili.