SOMO: KULIA PAMOJA NA TUMAINI

Soma kwanza: Yoane 11:17-44, 2 Samweli 21:10-14, Luka 13:1-5



Somo hili ni kwa ajili ya wenye kufiwa. Kati yetu ni vigumu kupata nyumba isiyo na picha ukutani ya mtu ambaye hayupo tena. Wengine wetu tulizika watu wetu kwa heshima, kwa nyimbo na kwa maombi. Wengine hatukuzika. Mtu alisafiri, hakurudi; maji yalimchukua; vita vilimkuta mbali. Tunaandika hasa kwa hao ambao hawana kaburi la kwenda kupalilia, kwa sababu mara nyingi tunapita mbele ya mlango wao bila kujua tuwaambie nini.

1. YESU MWENYEWE ALILIA

Katika Yoane sura ya 11 tunamwona Bwana wetu akifika Betania. Lazaro amekwisha siku nne kaburini. Yesu alijua vizuri kwamba muda si muda Lazaro atatoka akiwa hai. Hata hivyo, alipomwona Maria na wenzake wanalia, naye machozi yakamtoka mbele ya watu wote. Anayejua ufufuo kuliko sisi sote alilia. Basi mtu anayemwambia mama aliyefiwa anyamaze, eti machozi yake ni kukosa imani, anataka kuwa mkristo kupita Kristo.

Tuangalie jambo lingine. Marta na Maria, kila mmoja kwa zamu yake, walimwambia Bwana kwamba angekuwapo pale, ndugu yao asingekufa. Ni neno zito, karibu ni kumshitaki. Yesu hakuwakemea. Alimjibu Marta kwa ahadi, na Maria kwa machozi. Ndiyo kusema Mungu anaweza kuyasikia malalamiko yetu bila kutufukuza. Wewe unayeuliza usiku kwa nini, uliza. Lakini muulize Yeye mwenyewe, usiulize kwa waganga.

Mtume Paulo alipowaandikia Watesalonika (1 Watesalonika 4:13) hakuwakataza kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Machozi yetu na ya wapagani ni maji yale yale. Tofauti ni kwamba sisi tunalia tukiwa tunamngoja mtu.

2. WALE WASIO NA KABURI

Tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya nne, watu wa Nyamukubi katika Kalehe walikuwa na soko. Mvua kubwa ikanyesha, mito ikafurika, mawe na matope yakashuka kutoka milimani, yakaangukia Nyamukubi na Bushushu. Watu zaidi ya 400 walipatikana wamekufa, na wengine wengi sana hawakuonekana kabisa. Wengi walizikwa pamoja katika shimo moja, bila kila jamaa kujua wake amelala upande gani. Maiti nyingine zilikutwa zikielea ziwani. Tarehe 8 ya mwezi ule inchi nzima ilifanya siku ya maombolezo. Kalehe si mbali na sisi. Ni barabara yetu ya kando ya ziwa, ni shangazi zetu na wakwe zetu.

Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, mashua MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiitazama. Tena katika mwezi wa pili 2025, vita vilipofika Bukavu na mji ukaingia mikononi mwa M23, wengine walikufa wakati jamaa zao hawakuweza kufika. Tarehe 27 ya mwezi huo mabomu yakaua watu kwenye mkutano wa Place de l'Indépendance. Hayo yote tunayajua.

Huzuni ya mtu asiyeona maiti ina ugumu wake. Moyo unakataa. Mlango ukigongwa, unafikiri ni yeye. Yakobo alionyeshwa kanzu tu yenye damu, naye akakataa kufarijiwa na watoto wake wote (Mwanzo 37:34-35). Biblia haimchekei mzee yule. Inatuonyesha namna moyo wa mzazi ulivyo.

Na Rispa je? Wanawe wawili waliuawa pamoja na wengine watano, na miili yao ikaachwa nje bila kuzikwa. Mama huyu alitandika nguo ya gunia juu ya mwamba, akakaa pale tangu mwanzo wa mavuno mpaka mvua iliponyesha, akifukuza ndege mchana na wanyama usiku. Hakuweza kuwafufua. Hakuweza hata kuwazika. Alilinda heshima yao tu. Habari zake zikafika kwa mfalme Daudi, naye akaamuru mifupa ikusanywe na kuzikwa. Ni hapo, Biblia inasema, Mungu alipoisikia tena inchi ikimwomba. Mungu aliona kwamba heshima ya maiti na machozi ya mama ni jambo la inchi nzima.

Sisi tuna mfano hapa hapa Kongo. Simon Kimbangu alikufa gerezani Élisabethville tarehe 12/10/1951, kisha miaka 30 ya kifungo, akazikwa kule kule, upande mwingine wa inchi, mbali na N'Kamba kwao. Mke wake, Mama Marie Muilu, alifariki tarehe 27/4/1959. Mwaka 1960 ndipo mwili wa mumewe ulirudishwa N'Kamba. Mama hakuiona siku ile. Alikufa mjane ambaye kaburi la mumewe liko mbali, na bado alikuwa amesimama katika imani mpaka mwisho. Wamama, mnapofikiri hakuna aliyepita njia yenu, mkumbukeni.

Mkumbukeni na Musa. Mtumishi mkubwa vile, na hakuna mtu anayejua kaburi lake hata leo (Kumbukumbu la Torati 34:6). Mungu ndiye aliyemzika. Kwa hiyo kukosa kaburi linalojulikana si alama ya laana. Na Yoane, katika Ufunuo 20:13, aliona siku ile bahari ikiwatoa wafu waliomo ndani yake. Kama bahari itawatoa, ziwa Kivu litawatoa. Kama mauti itawatoa, matope ya Bushushu yatawatoa. Mtu wako amepotea machoni pako. Kwa Mungu hakupotea.

Kwa hiyo tunatoa shauri hili: jamaa isiyopata mwili isikae mwaka mzima pasipo kilio, ikingoja. Waje kwa wazee wa kanisa. Tupange siku, tulete picha au nguo ya marehemu, tutaje jina lake mbele ya Mungu, tuimbe, tulie, tuombe. Tufanye kama Rispa: tulinde heshima yake.

3. USITAFUTE MCHAWI

Hapa tunasema wazi. Mtu akifa kwetu, mara nyingi swali la kwanza ni hili: nani amemkula? Mwingine anakimbilia mganga. Mwingine anakimbilia mtu anayejiita nabii ili atajiwe jina la jirani. Na jina linalotajwa ni la nani? Karibu siku zote ni la mama mzee, mjane, maskini, asiye na mtu wa kumtetea. Katika mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, wamama waliuawa, wengine kwa moto, kwa sababu ya neno kama hilo. Msiba mmoja ukazaa msiba wa pili, na marehemu hakurudi.

Bwana Yesu aliulizwa juu ya vifo vya ghafula. Alikumbusha watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalema (Luka 13:4-5). Hakutaja mchawi. Aliwaambia walio hai watubu. Tetemeko la siku ya Mungu, tarehe 3/2/2008, lilitikisa Bukavu hii na upande wa Rwanda pia. Kule Rusizi wengine lilipowapata walikuwa ndani ya kanisa. Tuseme walikuwa wenye dhambi kuliko sisi tuliobaki? Hapana. Mto ukifurika ni maji; mlima ukianguka ni udongo, na pengine ni sisi tuliokata miti na kujenga mahali pasipofaa.

Sisi tunaamini kwamba Roho wa Mungu anasema na watu wake hata leo. Ni kwa sababu hiyo hasa tunapaswa kuwa waangalifu. Paulo anafundisha kwamba mwenye kutabiri anawajenga watu, anawaonya na kuwafariji (1 Wakorinto 14:3). Unabii unaotoka kwenye kilio ukiwa na jina la bibi wa jirani haujengi, haufariji. Mkristo asiupokee, na mzee wa kanisa asiunyamazie.

4. FARAJA INA MIKONO

Siku za kilio watu wanajaa. Kuna viti, kuna moto nje, kuna nyimbo mpaka asubuhi. Wiki ya tatu mjane anabaki peke yake na watoto, na deni la sanduku. Ndipo faraja ya kweli inapoanza. Yakobo anasema dini safi ni kuwaangalia yatima na wajane katika taabu yao (Yakobo 1:27). Unga wa bugali, makara, sambaza kidogo, franka za shule ya mtoto mmoja: hayo ni maombi yanayoonekana. Naye Yesu msalabani, katikati ya maumivu yake, alimpa mama yake mtoto wa kumtunza, na mtoto yule akampeleka nyumbani kwake siku ile ile (Yoane 19:26-27).

Na wenye kufika kwa marehemu ili kubeba vitanda, mabati na hati ya kiwanja, wasikie: sheria ya jamaa ya inchi yetu, ya tarehe 1/8/1987, inawaweka watoto wa marehemu mbele ya warithi wote, na inampa mwenye kubaki haki ya kukaa ndani ya nyumba waliyoishi. Kumfukuza mjane ni kosa mbele ya sheria, na ni dhambi mbele ya Mungu.

Wewe uliyefiwa, usijifiche. Kula, hata kidogo. Wape watoto habari ya kweli. Usiwaambie baba amesafiri. Rudi katika ibada, hata kama wimbo haujatoka kinywani. Wenzako wataimba kwa ajili yako mpaka sauti yako itakaporudi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini Yesu alilia, naye alijua Lazaro atafufuka?
2. Rispa anatufundisha nini juu ya watu wetu tusiowazika?
3. Tutambue vipi neno la unabii linalofariji na lile linaloharibu?
4. Katika avenyu yetu, nani alifiwa zaidi ya mwezi mmoja uliopita, na hatujarudi kwake? Tumtaje, na tupange siku.

TUOMBE

Ee Mungu Baba yetu, unajua walikolala watu wetu wote, penye msalaba na pasipo msalaba. Pokea machozi yetu. Utuepushe na chuki ya jirani. Utupe mikono ya kusaidia na moyo wa kungoja, mpaka siku utakapotuita sisi na wao kwa majina. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.