Gari Jina Moja, Breki Tofauti: Jinsi ya Kutambua Kalipa Inayofaa

Gurudumu la mbele la kushoto la gari dogo la familia limekuwa likichemka kila linaporudi kutoka sokoni. Fundi analifungua na kukuta pistoni ya kalipa imeshikwa na kutu. Mwenye gari anampigia simu muuzaji wa spea na kutaja jina la gari, upande wa kushoto, mbele. Muuzaji anasema ipo. Kalipa inaletwa kwa bodaboda, bolti zinaingia bila shida, mafuta ya breki yanajazwa na kazi inaisha kabla ya saa kumi. Jioni mvua inanyesha. Gari likiwa kwenye mteremko, dereva anakanyaga breki kwa ghafla na gari linavutwa kushoto, kuelekea mtaroni.

Muuzaji hakudanganya. Kalipa ile ilitoka kwenye gari la jina hilohilo, ila lilikuwa toleo tofauti. Makosa ya namna hii hutokea mara nyingi kwa sababu magari mengi nchini yaliingia yakiwa yametumika Japani, na spea nyingi zake ni za mtumba. Somo hili linawalenga wenye magari, madereva na wanafunzi wa ufundi wa magari. Linaeleza jinsi ya kuhakikisha kalipa inalifaa gari kabla pesa hazijatoka mfukoni.

KAZI YA KALIPA

Kalipa ni kifaa cha chuma kinachoshikilia padi za breki pande mbili za diski. Dereva anapokanyaga pedali, mafuta ya breki husukuma pistoni iliyo ndani ya kalipa, nayo pistoni husukuma padi zibane diski. Kalipa za magari mengi madogo zina pistoni moja na huteleza juu ya pini mbili. Nyingine zina pistoni mbili, na za magari yenye nguvu zaidi huwa na nne.

Kalipa ya kulia na ya kushoto za ekseli moja hupokea mafuta yenye shinikizo sawa. Kwa hivyo zisipolingana, gurudumu moja litashikwa kwa nguvu kuliko jingine.

KWA NINI JINA LA GARI HALITOSHI

Mtengenezaji huuza gari la jina moja katika matoleo mengi. Moja lina injini ndogo, jingine injini kubwa, na jingine huvuta kwa magurudumu yote manne. Gari zito au lenye kasi zaidi huhitaji diski kubwa, na diski ikibadilika, kalipa au breketi yake hubadilika pia.

Toyota Fielder na Axio za kuanzia mwaka wa 2006 ni mfano mzuri. Kwa macho, gari la msimbo NZE141 na la msimbo ZRE142 ni pacha. Lakini la kwanza lina injini ya lita 1.5 na la pili lina ya lita 1.8. Msimbo NZE144 ni wa lita 1.5 inayovuta kwa magurudumu manne. Vivyo hivyo kwa Toyota Premio: NZT260 ni lita 1.5, ZRT260 ni lita 1.8, na ZRT261 ni lita 2.0. Baadhi ya vipuri vya magari haya hufanana na vingine havifanani. Anayeuliza "kalipa ya Premio" bila kutaja msimbo anabahatisha.

Subaru Impreza ya miaka ya 2000 hadi 2007 inaonyesha tofauti hizo waziwazi zaidi. Matoleo ya kawaida yana kalipa za kuteleza. WRX nyingi za soko la Japani zina kalipa za pistoni nne mbele, na diski yake ina kipenyo cha milimita 294. Matoleo mengi ya STI yana kalipa za Brembo zenye pistoni nne mbele na mbili nyuma, na diski ya mbele ya milimita 326. Kalipa hiyo ya Brembo huhitaji rimu ya inchi 17. Ukijaribu rimu ya inchi 15, itagonga kalipa.

HESABU NDOGO YENYE MAANA KUBWA

Kalipa mbili zinaweza kufanana kwa umbo, rangi na nafasi ya bolti, kisha zikatofautiana kwa kipenyo cha pistoni tu. Tuseme moja ina pistoni ya milimita 54 na nyingine ya milimita 57. Tofauti ni milimita 3, na kwa macho ni vigumu kuiona.

Hata hivyo, nguvu ya kubana hutegemea eneo la uso wa pistoni. Pistoni ya milimita 54 ina eneo la sentimita mraba 22.9. Ile ya milimita 57 ina sentimita mraba 25.5. Kwa shinikizo lilelile la mafuta, gurudumu moja litabanwa kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 11. Kwenye barabara kavu na mwendo wa pole dereva huenda asihisi kitu. Akishika breki kwa ghafla kwenye lami yenye maji, gari litavutwa upande wenye nguvu zaidi.

Ndiyo maana bolti kuingia si ushahidi kwamba kalipa inafaa. Watengenezaji wengi hutumia nafasi ileile ya bolti kwa matoleo kadhaa.

HATUA ZA KUTAMBUA KALIPA INAYOFAA

1. Anza na namba ya chesisi. Iko kwenye logibuku na kwenye kibao cha chuma kilicho chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Kibao hicho pia huwa na msimbo kamili wa toleo. Kipige picha kwa simu na uitume kwa muuzaji kabla ya kuulizia bei. Hakikisha namba ya kwenye gari inalingana na ya kwenye logibuku.

2. Tafuta namba ya kipuri. Muuzaji mwenye katalogi ya mtengenezaji anaweza kuipata kwa namba ya chesisi. Namba ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu kumi katika mafungu mawili ya tano. Fungu la kwanza linataja aina ya kipuri: 47730 ni kalipa ya mbele kulia na 47750 ni ya mbele kushoto. Fungu la pili ndilo linalotenganisha matoleo. Kalipa mbili zinazoanza kwa 47750 si lazima ziwe sawa, kwa hivyo soma namba yote. Pia uliza kama namba ya zamani imebadilishwa na mpya, kwa kuwa watengenezaji hufanya hivyo mara kwa mara.

3. Usitegemee maandishi ya kwenye chuma peke yake. Kalipa nyingi zina jina la kiwanda, kama vile Akebono, Advics au Nissin, pamoja na namba zilizosubiwa pamoja na chuma. Mara nyingi namba hizo ni za kiwanda, wala si namba ya kipuri. Zinasaidia kulinganisha kalipa kuukuu na mpya zikiwa zimewekwa kando kwa kando.

4. Pima diski. Pima kipenyo na unene wake. Diski nyingi zina maandishi yanayoonyesha unene wa chini unaoruhusiwa. Linganisha diski ya kushoto na ya kulia. Gari la mtumba huenda lilibadilishwa diski na mwenye gari wa awali, na hapo katalogi pekee haitatosha.

5. Pima pistoni na breketi. Breketi ni ule mkono unaobeba kalipa na kufungwa kwa bolti mbili nyuma ya gurudumu. Matoleo mawili yanaweza kutumia kalipa moja lakini breketi tofauti, kwa sababu diski kubwa huhitaji kalipa ikae mbali zaidi na kitovu cha gurudumu. Pima kipenyo cha pistoni, umbali kati ya matundu ya bolti za breketi, na unene wa pini za kuteleza. Linganisha pia umbo la padi, ila padi kufanana hakuthibitishi kwamba pistoni zinalingana.

6. Kagua upande. Kalipa ikishafungwa, nipo ya kutolea hewa inapaswa kuwa juu. Ikiwa chini, kuna uwezekano mkubwa kwamba kalipa ya kulia imefungwa kushoto. Hewa hupanda juu, hivyo itabaki ndani na pedali itakuwa laini hata breki zikitolewa hewa mara kumi.

7. Jaribu rimu. Rudisha gurudumu na ulizungushe kwa mkono kabla ya kushusha jeki. Jaribu na gurudumu la akiba pia. Kalipa kubwa inaweza kuingia ndani ya rimu za kawaida kisha ikakataa lile la akiba, na dereva akaja kugundua hivyo usiku, njiani, tairi ikiwa imepasuka.

KABLA YA KUNUNUA

Si kila kalipa iliyokwama imekufa. Wakati mwingine pini za kuteleza zimekauka grisi tu, au mpira wa kukinga vumbi umepasuka. Mwombe fundi akague pini, mipira na mpira wa kupitisha mafuta kwanza. Kifurushi cha mipira mipya kwa kawaida hugharimu kidogo kuliko kalipa nzima. Lakini pistoni iliyoliwa na kutu, au silinda yake yenye mikwaruzo mirefu, haifai kuokolewa.

Ikiwa kalipa mpya si ya namba ileile na iliyobaki upande wa pili, badilisha zote mbili za ekseli hiyo. Nunua jozi ya kulia na kushoto. Padi nazo hubadilishwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Omba risiti yenye namba ya kipuri na namba ya chesisi ya gari, na mkubaliane mapema kuhusu kurudisha kipuri kisichofaa. Usitupe kalipa kuukuu mpaka mpya iwe imefungwa na kujaribiwa.

BAADA YA KUFUNGA

Tumia washa mpya kwenye bolti ya mpira wa mafuta, toa hewa yote, na ujaze mafuta ya breki ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha tangi lake. Kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu. Kisha lijaribu kwa mwendo wa pole mahali pasipo na watu. Gari likivutwa upande, gurudumu moja likichemka kuliko mwenzake, au pedali ikizama, rudi kwa fundi. Usianze safari ukitumaini kwamba breki zitazoea.

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lenye hali ya kuhatarisha watu kuwa barabarani. Wajibu huo ni wa mwenye gari na wa dereva, hata kama kipuri kilichaguliwa na mtu mwingine.

JIPIME

Swali: Kalipa mbili za Toyota zote zinaanza kwa 47730. Je, ni sawa?
Jibu: Bado haijulikani. Zote ni za mbele kulia, lakini tarakimu tano za mwisho lazima zilingane na zile za gari lako.

Swali: Kalipa imeingia kwenye bolti na nipo iko chini. Tatizo ni nini?
Jibu: Huenda ni ya upande mwingine. Ifunguliwe kabla gari halijaondoka gereji.

Swali: Gari lina namba ya chesisi inayojulikana, lakini diski zake ni kubwa kuliko zile za kwenye katalogi. Ufanyeje?
Jibu: Breki zilibadilishwa zamani. Pima diski, pistoni na breketi za pande zote mbili, kisha ununue kwa vipimo hivyo, ukihakikisha pande zote mbili zinalingana.