Sare isiyofupika na mtoto mtulivu kupita kiasi: Je, ni homoni?

Mzazi anaponunua sare ya shule huku kwetu huchagua iliyo kubwa kidogo, ili mtoto akue ndani yake. Mwaka unaofuata upindo hushushwa, na ule wa tatu nguo hurithiwa na mdogo wake. Sasa jiulize, msomaji: mtoto wako aliye Gredi ya 3 angali anavaa ile ile aliyoanzia Gredi ya 1, na bado inamtosha? Kama ndivyo, usifurahi kwamba umeokoa pesa.

Ukuaji wa mtoto una mwendo wake unaojulikana. Mtoto huzaliwa akiwa na urefu wa sentimita 50 hivi. Katika mwaka wa kwanza huongeza sentimita 25, na katika wa pili 12 hivi. Kisha mwendo hupungua, na kuanzia umri wa miaka 4 hadi anapokaribia kubalehe huongeza sentimita 5 au 6 kila mwaka. Mtoto wa umri huo anayeongeza chini ya sentimita 4 kwa mwaka anafaa kuchunguzwa, hata kama anakula vizuri na hana homa. Zingatia kwamba nazungumzia mwendo, si kimo. Mtoto mfupi anayeongezeka inavyotakiwa mara nyingi ni mzima. Yule wa kimo cha wastani aliyesimama ghafla ndiye anayetutia wasiwasi sisi madaktari.

Shida ni kwamba mara nyingi kliniki humpima mtoto uzito peke yake, na kimo huachwa. Akishapata chanjo ya surua ya miezi 18, kijitabu cha kliniki huwekwa chini ya godoro na hakionekani tena mpaka siku ya kuandikishwa shule. Hapo miaka kadhaa huwa imepita bila alama hata moja kwenye chati ya ukuaji.

Wazazi wengi hujifariji kwa kusema ufupi ni wa ukoo. Kwetu Gusii, ambako mtoto hupewa jina la jamaa aliyetangulia, utasikia ikisemwa kwamba amemfuata babu aliyempa jina. Huenda ni kweli, lakini jambo hilo linaweza kupigiwa hesabu. Chukua kimo cha baba na cha mama kwa sentimita, ujumlishe. Kwa mtoto wa kiume ongeza 13, kwa wa kike ondoa 13, kisha gawanya kwa 2. Baba wa sentimita 170 na mama wa 157 wanatarajia mvulana wa karibu 170 na msichana wa karibu 157 watakapomaliza kukua, ikizidi au kupungua kwa sentimita 8 hadi 10. Mtoto anayeelekea chini sana ya hapo hajamfuata babu yeyote.

Tena kuna utafiti uliopunguza nguvu ya hoja hii ya kabila na ukoo. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifuatilia ukuaji wa watoto wapatao 8,500 katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto waliolishwa na kutunzwa vizuri. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba hadi umri wa miaka 5 watoto wa Accra, Muscat na Oslo hukua karibu sawasawa. Chati iliyo katika kijitabu cha mtoto wako ilitokana na utafiti huo.

Kabla sijaingia katika homoni, niseme wazi kwamba si kila aliyedumaa ana ugonjwa wa homoni. Walio wengi wamedumazwa na lishe hafifu na maradhi ya mara kwa mara, hasa kuhara. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 26 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 18. Anayepita barabara ya Keroka akaona migomba, michai na sukuma wiki hadi ukingoni mwa barabara hawezi kuamini kwamba vilima hivi vina watoto kama hao. Lakini ndizi na ugali hushibisha tumbo tu. Pasipo yai, maziwa, maharagwe au omena, mifupa haina cha kujengea. Ugonjwa wa moyo, wa figo, selimundu na virusi vya ukimwi pia huzuia ukuaji, na daktari atayachunguza hayo kwanza.

Hata hivyo, kuna tatizo moja la homoni ambalo halingoji. Mbele ya koo kuna tezi inayoitwa thairoidi. Homoni yake ndiyo inayoamuru mwili utumie chakula, mifupa irefuke na, zaidi ya yote, ubongo wa mtoto mchanga ujengeke. Kuna watoto wanaozaliwa bila tezi hiyo, au wakiwa nayo lakini haifanyi kazi. Katika nchi zinazopima kila mtoto anayezaliwa, hupatikana mmoja kati ya 2,000 hadi 4,000. Akipewa dawa ndani ya majuma mawili ya kwanza, kwa kawaida hukua na kusoma kama wenzake. Akicheleweshwa kwa miezi, kimo kinaweza kurudi kwa kiasi kikubwa, lakini akili iliyopotea hairudi yote.

Dalili zake ni za upole mno, na hapo ndipo hatari ilipo. Macho na ngozi huwa manjano na kubaki hivyo baada ya majuma mawili. Mtoto hupata choo kwa shida, ngozi ni baridi na kavu, sauti ya kilio ni nzito, ulimi ni mnene, na kitovu kimetokeza. Halafu hulala sana, halii, hata kunyonya lazima aamshwe. Nyanya akija kumwona atamsifu kwamba huyu ni mtoto mwema, hasumbui.

Sifa hiyo ina mizizi mirefu hapa. Kati ya mwaka 1974 na 1976 Robert LeVine na wenzake, akiwemo daktari wa watoto T. Berry Brazelton, walifuatilia malezi ya watoto wachanga wa Abagusii. Waliona kwamba mama wa Kigusii hutafuta zaidi kumtuliza mtoto kuliko kumchangamsha kwa mazungumzo, tofauti na mama wa Kimarekani, na kwamba mtoto mtulivu ndiye anayependwa. Malezi hayo hayana kasoro. Ila kuna utulivu wa mtoto aliyeshiba na utulivu wa mtoto asiye na nguvu. Aliyeshiba akiamka hutafuta titi kwa bidii na hugeuka akisikia sauti yako.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Katika miaka ya 1970 Jean Dussault wa Quebec, nchini Kanada, alionyesha kwamba tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi linatosha kumtambua mtoto huyu siku chache tu baada ya kuzaliwa. Kenya haina mpango wa kitaifa wa kupima kila mtoto kwa njia hiyo, na kwa maoni yangu hilo ni pengo kubwa. Kwa hiyo ni juu yako mzazi kuomba. Ukiona dalili nilizotaja, mwambie daktari waziwazi kwamba unataka damu ipimwe homoni za thairoidi. Matibabu ni kidonge cha thairoksini mara moja kwa siku, ambacho husagwa na kupewa mtoto kwa maji au maziwa ya mama kidogo.

Msomaji atauliza: je, hayo si ya kukosa iodini, yale madini ambayo jirani zetu wa Tanzania huyaita madini joto? Ndiyo na hapana. Milimani mvua husomba iodini kutoka udongoni, na ndiyo sababu zamani rovu, ule uvimbe wa shingo, lilikuwa jambo la kawaida katika nyanda za juu za Kenya. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu kwa wingi upande wa kaskazini, na watoto waliodumaa mwili na akili. Upande wa kusini-magharibi rovu lilikuwa chache, ingawa iodini ilikosekana pande zote. Muhogo usioandaliwa vizuri ulipatikana kuwa mchochezi. Kwetu hali imebadilika, kwani chumvi ya jikoni hutiwa iodini kwa sheria na karibu kila nyumba inayo. Ifunike vizuri na uitie chakula kikikaribia kuiva. Lakini mtoto aliyezaliwa bila tezi hasaidiwi na chumvi yoyote.

Kuna pia upungufu wa homoni ya ukuaji, inayotoka katika tezi ndogo chini ya ubongo. Ni nadra. Mtoto huwa mdogo lakini mwenye umbo sawa, na uso wake huonekana wa mtoto wa miaka michache nyuma. Hutibiwa kwa sindano za kila siku, na ni ghali. Dawa za maji za "kuongeza urefu" zinazouzwa stejini hazina homoni hiyo, na hata zingekuwa nayo ingesagwa tumboni kama nyama. Tena jihadhari na vidonge vya kuongeza hamu ya kula. Vikiwa na steroidi, mtoto hunenepa mashavu huku kimo kikisimama.

Kwa wakubwa kidogo, msichana anayeota matiti kabla ya miaka 8, au asiye nayo afikapo 13, apelekwe kwa daktari. Mvulana ni kabla ya miaka 9, au bila dalili yoyote afikapo 14. Msichana mfupi asiyebalehe huenda ana hali iitwayo Turner, ambayo humpata mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500.

Zamani daktari aliyesomea homoni za watoto alikuwa nadra sana Afrika Mashariki. Mwaka 2008 kituo cha mafunzo hayo, PETCA, kilifunguliwa Nairobi kwa ushirikiano wa hospitali ya watoto ya Gertrude's, Chuo Kikuu cha Nairobi na wataalamu wa Ulaya, na madaktari wa nchi nyingi za Afrika wamefunzwa humo. Si lazima uanzie Nairobi. Anza kwa daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, naye atakuelekeza.

Usiende mikono mitupu. Mvue mtoto viatu, asimame wima, visigino na kisogo viguse ukuta, uweke kitabu kigumu bapa juu ya kichwa na upige alama kwa penseli. Pima kwa utepe wa fundi cherehani, uandike tarehe. Rudia baada ya miezi 6, kwenye ukuta ule ule, na ubebe vipimo hivyo viwili pamoja na kijitabu cha kliniki.