Rangi ya Karafuu na Mwanga wa Kuiangalia

Ndugu Wanachama,

Somo letu la safari hii lahusu jambo tunalolipita kila siku bila ya kulitia maanani, nalo huzusha ugomvi wakati wa kuuza. Muuzaji asema karafuu zake zina rangi ya hudhurungi iliyokolea vyema; mnunuzi asema zimeingia weupe, au zimekuwa nyeusi. Pengine wote wawili wasema kweli, ila kila mmoja aliziangalia kwa mwanga mwengine.

Kwanza na tujue rangi ni nini. Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra na kufanya kazi Misri zaidi ya miaka 900 iliyopita, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba twaona kwa kuwa mwanga hutoka kwenye kitu ukaingia jichoni. Baadaye Isaac Newton wa Uingereza, katika majaribio aliyoyatangaza mwaka 1672, aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembe tatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Basi mwanga mweupe ni mchanganyiko. Jani huonekana la kijani kwa sababu hurudisha kijani zaidi, na nyekundu na buluu huzimeza kwa wingi. Kitu hakiwezi kurudisha rangi ambayo hakikupewa. Hapo ndipo penye siri yote.

Mwenye kutaka kuhakikisha na afanye jaribio hili pamoja na watoto. Usiku, chumbani, funika kurunzi kwa karatasi nyekundu inayopenya mwanga, kama ile ya kufungia peremende. Mulika leso nyeupe: itakuwa nyekundu. Mulika jani la kijani: litakaribia kuwa jeusi. Mulika karatasi nyeupe iliyoandikwa kwa wino mwekundu: maandishi yatafifia hata pengine yasionekane, kwa kuwa karatasi na wino vyote vyarudisha nyekundu. Wino haukufutika, toa kifuniko, utauona.

Sasa tuje kwenye kazi yetu. Chini ya turubali la buluu, mwanga unaopenya huwa na buluu zaidi. Wekundu na umanjano wa karafuu hudhoofika, zikaonekana kama zimeungua. Kandili nayo hutoa umanjano na wekundu mwingi, na buluu kidogo mno. Karafuu zilizoingia weupe hupakwa umanjano huo, mzigo mbaya ukapita kwa mzuri. Jua likikaribia kuchwa, mwanga wake hupita katika hewa nyingi zaidi, buluu hutawanyika njiani, na kila kitu huingia wekundu. Hata mchumaji aliye ndani ya matawi mazito hupata mwanga uliochujwa na majani. Ule wekundu mchanga unaojulisha kwamba tumba limefika kuchumwa hauonekani vyema.

Tena jicho huzoea upesi. Ukikaa na kandili kwa muda, leso nyeupe utaiona nyeupe, hali mwanga uliopo ni wa manjano. Ndiyo maana mtu hudanganyika bila ya kujua.

Kwa hiyo twashauri haya:

1. Karafuu zikaguliwe mchana, mahali pa wazi, mbali na turubali na ukuta wenye rangi kali.

2. Ukiushuku mwanga wa mahali, chukua konzi moja juu ya karatasi nyeupe, uitazame hapo, kisha uitazame nje.

3. Muuzaji na mnunuzi waangalie konzi ileile, mahali palepale, kwa wakati mmoja.

4. Rangi isiwe shahidi pekee. Ivunje karafuu kwa vidole: iliyokauka hukatika mara moja, yenye maji hupinda.

Mzigo uliofika magharibi na ungoje asubuhi, kwani haraka haraka haina baraka. Tumepanda miti, tumechuma, tumechambua na tumeanika juani siku kadhaa. Si haki jasho hilo lipunguziwe bei kwa ajili ya turubali, wala si haki mnunuzi auziwe kasoro zilizofichwa na taa. Na zaidi ya bei, tusimwite mwenzetu mwongo kabla ya kutoka naye nje, tukaangalia pamoja kwa mwanga mmoja.

Wasalaam,
Katibu