Samaki Wakipumua Juu: Namna ya Kutambua na Kutibu Maji Yaliyoharibika

Mfugaji wa samaki wa Rughenda, mtaa wa Butembo mashariki mwa Kongo, mwenye basini ya saruji nyuma ya nyumba, au bwawa la udongo bondeni, hakosi siku ya kuamka na kukuta tilapia wamejaa juu ya maji, midomo wazi, wengine wameelea matumbo juu. Wengi hukimbilia dawa. Wengine hufungua maji yote na kujaza mapya saa hiyo hiyo. Hatua zote mbili zinaweza kuongeza vifo, kwa sababu mara nyingi mgonjwa si samaki bali maji anamoishi. Maji yana dalili zake, na mwenye macho, pua na mkono anaweza kuzisoma kabla ya kutoa hata faranga moja.

Maji ya mlimani yana tabia yake

Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo maji hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko maji yenye joto lile lile huko pwani. Tena kuna baridi. Tilapia hukua vizuri maji yakiwa na nyuzi 25 hadi 30, lakini asubuhi za Butembo maji hushuka chini ya nyuzi 20, na hapo hula kidogo. Chakula kinachofaa Beni, ambako ni chini zaidi na kuna joto, kikitupwa kwa kiasi kile kile Rughenda kitabaki chini na kuoza. Kuoza huko hula oksijeni ileile ambayo tayari ni haba. Matatizo mengi yanaanzia hapo.

Uchunguzi wa dakika kumi

Kabla ya kugusa chochote, jibu maswali haya.

Ni saa ngapi? Samaki wakihema juu alfajiri tu, kisha wakatulia jua likipanda, tatizo ni oksijeni. Wakihangaika mchana kutwa, fikiria sumu, amonia au nitriti.

Nani anakufa? Kambare ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu. Tilapia wakifa huku kambare wa bwawa hilo hilo wako wazima, oksijeni imekwisha. Pia oksijeni ikipungua, samaki wakubwa hutangulia kufa. Wakifa wakubwa kwa wadogo kwa wakati mmoja, pamoja na viluwiluwi na wadudu wa majini, kuna kitu kimeingia kutoka nje.

Maji yana rangi gani? Chota kwenye chupa inayopitisha mwanga na uiangalie juani. Kijani ni mwani. Rangi ya udongo ni udongo. Rangi ya chai iliyokolea ni majani yaliyoloweka.

Yananuka nini? Maji mazima hayana harufu kali. Harufu ya yai bovu, hasa ukichokoza matope ya chini, inaonyesha uozo uliokosa hewa.

Nini kimebadilika? Kumbuka siku tatu zilizopita: mvua kubwa, mbolea mpya, chakula cha aina nyingine, jirani aliyepulizia dawa nyanya zake, samaki wapya. Mara nyingi jibu limo humo.

Samaki wanahema alfajiri

Mchana mwani hutoa oksijeni kwa nguvu za jua. Usiku nao huivuta, sawa na samaki. Ndiyo maana saa mbaya kuliko zote ni ile ya kabla ya jua kuchomoza. Hali huzidi baada ya siku ya mawingu mazito, au mvua kubwa ya baridi inapoyachanganya maji ya juu na yale ya chini yasiyo na hewa.

Fanya hivi mara moja: acha kulisha na acha kuweka mbolea. Ingiza maji mapya yakianguka kutoka juu, yapitie kwenye bidoni iliyotobolewa matundu mengi chini, ili kila tone lishike hewa njiani. Kama bwawa lina bomba la kutolea maji, toa ya chini, maana ndiyo mabovu. Kama huna maji mapya, chota ya bwawa hilo hilo na kuyamwaga kutoka kimo cha bega. Endelea hadi jua lipande.

Usitupe dawa ya kuua mwani wote kwa siku moja. Mwani uliokufa huoza, na usiku unaofuata utakuwa mbaya zaidi.

Kijani kinachofaa na kijani kilichozidi

Kipimo kiko kwenye mkono wako. Saa za mchana, nyoosha mkono, kunja kiganja kielekee juu, uuzamishe wima taratibu. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika karibu na kiwiko, bwawa liko sawa. Kikipotea maji yakiwa kwenye kifundo cha mkono, mwani umezidi: simamisha mbolea na punguza chakula. Ukiona kiganja hata maji yakifika begani, bwawa la udongo lina njaa na linahitaji mbolea kidogo.

Wengi huku milimani huacha maji ya kijito yapite bwawani usiku na mchana, wakidhani ndiyo usafi. Katika bwawa la tilapia linalotegemea mbolea, maji hayo huleta baridi na kuondoka na mwani ambao ni chakula. Ingiza maji ya kufidia yaliyopungua tu, na fungua mengi wakati wa shida. Mbolea ya kuku au ya mbuzi iwekwe kwenye kizimba cha fito pembeni, isitapakazwe bwawani kote, ili uweze kuiondoa ikibidi.

Maji mekundu baada ya mvua

Miteremko ya Butembo ina udongo mwekundu, na mvua haichagui pa kuushushia. Udongo huziba mwanga, mwani haukui, na matamvua ya samaki hukwaruzwa. Acha chupa yako itulie siku nzima. Udongo ukitua, shida ni mmomonyoko: chimba mtaro juu ya bwawa ugeuze maji ya mvua, na panda nyasi kwenye kingo. Maji yakibaki na rangi ile ile, ni udongo laini wa mfinyanzi usiotua wenyewe. Chokaa ya kilimo husaidia chembe zake kushikana na kuzama.

Angalia pia mikaratusi. Miti hii imezunguka mji, na majani yake yakianguka bwawani kwa wingi hugeuza maji kuwa ya rangi ya chai, huyaongezea uchachu na hula oksijeni yakioza. Yatoe kwa reki kila wiki. Kama mti unalitia bwawa kivuli, ukate matawi, kwa sababu jua ni mali katika baridi hii.

Amonia na nitriti, sumu zisizoonekana

Kinyesi cha samaki na chakula kilichooza hutoa amonia. Bakteria wema hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa. Bakteria hao hukaa kwenye kuta, mawe na chujio. Basini mpya haina bakteria wa kutosha, na hulazimika kungoja wiki nne hadi sita, au zaidi kwenye baridi, kabla ya kubeba samaki wengi.

Samaki mwenye sumu ya amonia huacha kula, matamvua huwa mekundu mno, na huogelea bila mwelekeo. Mwenye sumu ya nitriti huhema ijapokuwa oksijeni ipo, na ukifungua matamvua yake utayakuta ya kahawia, kwa sababu damu imeshindwa kubeba oksijeni.

Dawa ya kwanza kwa zote mbili ni kuacha kulisha siku mbili au tatu na kubadilisha maji kwa sehemu. Robo kwa siku inatosha. Usibadilishe yote: badiliko la ghafla la joto huua, na ukisugua kuta umewaondoa bakteria wako. Kwa nitriti ongeza chumvi ya jikoni, gramu 100 hadi 150 kwa kila lita 1,000.

Hesabu ni hii. Basini ya urefu wa mita 4, upana mita 2 na kina mita 1 ina lita 8,000. Itahitaji chumvi kama kilo moja. Robo ya maji yake ni lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20. Familia inayochota kwenye chemchemi inajua uzito wa hesabu hiyo. Kupunguza chakula leo ni rahisi kuliko kubeba bidoni 100 kesho.

Uchachu, chokaa na saruji mpya

Tilapia hupenda pH kati ya 6.5 na 9. Udongo wetu wa milimani mara nyingi una uchachu, na dalili yake ni bwawa lisilokubali kuwa kijani hata likitiwa mbolea. Wakati bwawa ni tupu, tandaza chokaa ya kilimo, kilo 10 hadi 20 kwa are moja, kisha jaza. Chokaa kali inayochoma ngozi isitiwe kamwe palipo na samaki.

Na hapa kuna mtego. Kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyokuwa kali. Kwenye pH 7, sehemu ya amonia iliyo sumu haifiki moja katika 100. Kwenye pH 9 hufika robo au zaidi. Kwa hiyo maji yakinuka na samaki wakihangaika, usikimbilie chokaa wala majivu. Badilisha maji kwanza.

Basini mpya ya saruji ina tatizo la kinyume: saruji hutoa chokaa na kupandisha pH kupita kiasi. Jaza maji, yaache wiki moja, yamwage, rudia mara mbili au tatu. Kisha jaribu na samaki wachache kwa siku kadhaa kabla ya kuwaleta wengine.

Vinavyoingia kutoka nje

Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, milango mingi ya Butembo na Beni ilikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Maji yale ya kunawia mikono yalikuwa na klorini kama miligramu 500 kwa lita. Samaki hudhurika hata kwa sehemu ya kumi ya miligramu moja. Ndoo iliyobeba klorini isitumike kuchotea maji ya samaki. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae siku nzima kwenye chombo kilicho wazi kabla ya kutumika.

Kijito nacho kina mambo yake: maji ya kuoshea kahawa, sabuni ya wafuaji, dawa za mashambani. Weka kizuizi unachoweza kukifunga haraka kwenye mfereji, na wakati wa kupulizia dawa au kumenya kahawa, kifunge.

Akwariamu ya kioo sebuleni inafuata kanuni hizi hizi, ila kila kitu huenda mbio kwa sababu maji ni machache. Chujio lake lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa humo humo. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, usilishe, na koroga maji kwa mkono mara kwa mara.

Kinga ya kila siku

Lisha kiasi kile tu wanachokimaliza mara moja. Pumba za mahindi, mashudu ya mawese au majani ya muhogo yakibaki baada ya robo saa, umezidisha. Katika bwawa la mbolea weka tilapia wawili kwa kila mita ya mraba. Bwawa liwe na kina cha karibu mita moja ili joto lisipande na kushuka ovyo. Maji machafu unayotoa yamwagie mboga: yana mbolea.

Weka daftari la mistari minne kwa siku: rangi ya maji, tabia ya samaki alfajiri, kiasi cha chakula, hali ya hewa. Tatizo likikushinda, lipeleke daftari hilo pamoja na chupa ya maji kwa agronomo au mganga wa mifugo. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, hapo Butembo, kina vitivo vya kilimo na vya tiba ya wanyama, na mtaalamu atakusaidia haraka zaidi ukimpa habari kamili.

Dawa ya dukani iwe ya mwisho. Anza kwa kufunga mfuko wa chakula, kisha shughulikia maji.