Jaji Augustino Ramadhani na Somo la Rufani

Somo letu la leo lahusu saa ngumu kuliko zote katika kesi: saa ambayo hukumu imekwisha kusomwa na mmoja ameshindwa. Sisi askari polisi twaijua saa hiyo. Kesi yaweza kuwa ya nyavu zilizogombewa mwaloni, au ya shamba la michikichi ambalo mwenyewe alilikimbia mwaka 1972, naye aliyelikuta tupu akalilima na kuzaa watoto juu yake. Aliyeshindwa hutoka mahakamani akiwa na njia mbili mbele yake. Moja yaelekea kwa karani wa mahakama, kuandikisha rufani. Nyingine yaelekea nyumbani, kuchukua panga.

Wengi huiacha ile ya kwanza kwa kudhani kuwa kukata rufani ni kumtukana hakimu, au ni kupoteza wakati bure. Maisha ya jaji mmoja wa nchi jirani yatatusaidia kuliondoa wazo hilo.

Augustino Ramadhani alizaliwa Zanzibar tarehe 28 Desemba 1945. Alisomea sheria Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1970, kisha akajiunga na jeshi la Tanzania, ambako hatimaye alifikia cheo cha brigedia. Kwa hiyo aliijua amri na utii kabla ya kukaa juu ya kiti cha hukumu. Katika miaka ya 1980 alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar. Mwaka 1989 akateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani ya Tanzania.

Mahakama hiyo ina asili yake. Zamani Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa na mahakama moja ya rufani ya Afrika Mashariki. Jumuiya ya wakati ule ilipovunjika mwaka 1977, nayo ikatoweka. Tanzania ikaunda ya kwake mwaka 1979, ili isikilize rufani za pande zote mbili za Muungano, Bara na Visiwani. Kwa kawaida majaji watatu huketi pamoja. Hawamtazami shahidi usoni. Husoma kumbukumbu za kesi na kuuliza kama sheria ilifuatwa.

Mwaka 1991, Ramadhani akiwa miongoni mwa majaji wake, Mahakama hiyo ilitoa uamuzi unaotuhusu sana sisi polisi. Kulikuwa na kifungu cha sheria kilichowanyima dhamana washitakiwa wa makosa fulani. Mahakama ikasema kifungu hicho kinapingana na Katiba, kwa kuwa hakikuweka utaratibu wa haki wa kumzuia mtu, tena kiliandikwa kwa upana uliowanasa hata wasiostahili kunaswa. Mshitakiwa bado ni mtu asiye na hatia mpaka mahakama iamue vinginevyo.

Mwaka 2007 Ramadhani akawa Jaji Mkuu wa Tanzania. Mwezi Juni 2010 aliongoza jopo la majaji saba katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, aliyedai kuwa raia aruhusiwe kugombea uongozi bila kupitia chama cha siasa. Mahakama Kuu ilikuwa imekubaliana na Mtikila. Jopo likaitengua hukumu hiyo, likisema jambo hilo ni la Bunge kuamua, si la mahakama.

Je, kesi iliishia hapo? Haikuishia. Mtikila aliipeleka mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha. Rais wa kwanza wa mahakama hiyo, mwaka 2006, alikuwa Mrundi mwenzetu, Profesa Gérard Niyungeko. Na Ramadhani mwenyewe alikuwa amekwisha kuingia humo kama jaji tangu mwaka 2010. Lakini kanuni za mahakama hiyo humzuia jaji kusikiliza kesi inayoihusu nchi yake. Ramadhani akakaa pembeni. Wenzake, Niyungeko akiwamo, wakaamua tarehe 14 Juni 2013 kwamba Tanzania ilikuwa imevunja haki ya Mtikila.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Jambo lililoamuliwa na jopo la Jaji Mkuu lilipimwa upya, na likaamuliwa kinyume. Heshima ya Ramadhani haikupungua: mwaka 2014 majaji wenzake walimchagua kuwa Rais wa mahakama hiyo hiyo, akaiongoza hadi 2016. Alifariki dunia Dar es Salaam tarehe 28 Aprili 2020. Ikiwa Jaji Mkuu hakutukanwa kwa hukumu yake kupingwa, hakimu wa mahakama ya mwanzo atatukanwaje?

Kwetu Burundi ngazi zipo pia: mahakama za mwanzo zilizo karibu na wananchi, zilizo juu yake, mahakama za rufani, hadi Mahakama ya Juu. Basi tushike mambo matatu.

Kwanza, muda wa kukata rufani una kikomo. Aliyeshindwa amwulize karani siku ile ile, na aombe nakala ya hukumu. Anayengoja hasira ipoe kwa miezi ataukuta mlango umefungwa.

Pili, polisi hana uwezo wa kuibatilisha hukumu wala kuigeuza. Asiletewe kesi iliyokwisha kuamuliwa ili aamue upya. Kazi yake ni kulinda amani wakati rufani ikisubiriwa.

Tatu, na hili ni letu askari: maelezo tuyaandikayo kituoni husafiri na jalada. Jaji wa juu, asiyetujua wala kuujua mwalo wetu, atayasoma. Neno lililotiwa chumvi au tarehe iliyoachwa yaweza kumfunga asiye na kosa au kumwachia mkosaji.

Maswali ya kujadili mtaani:
1. Kwa nini jaji hukaa pembeni katika kesi inayoihusu nchi yake?
2. Jirani yako ameshindwa kesi ya shamba na anatamka vitisho. Utamshauri nini kabla jua halijatua?
3. Ni nani hupata hasara iwapo maelezo ya polisi hayakuandikwa kwa ukweli?